Nani Atashika Upande wa Pili wa Bidoni?

Wasee, leo nataka tubonge juu ya kitu inasumbua vijana wengi wa mtaa hapa Lubumbashi. Ukishaokoka, ama ukishakuwa mtoto wa parokia kabisa kabisa, nani anabaki beshte yako? Na nani unaweza kumleta mbele ya wazazi, ukae chini, useme: huyu ndiye?

Mimi ni dem wa Kasungami, komini ya Annexe, ile inazunguka jiji kama mkanda. Nilikaa Nairobi miaka minne, mitaa ya Kayole, kwa mama mdogo, ndio maana mdomo wangu unachanganya Sheng na Kiswahili chetu cha Katanga. Huko Kayole, chali akianza kukukatia, mabeshte zako wanauliza: "Anafanya job gani?" Niliporudi nyumbani nikakumbuka hapa swali la kwanza ni lingine. Hapa wanauliza: "Anaombaka wapi?"

Yaani anasali kanisa gani. Mathe anaweza kuuliza hiyo kabla hajauliza jina. Jirani atauliza, kambo, yaani nyanya, atauliza, hata manseba, yule wa teksi ya pikipiki, amekubeba na moto yake, mkikwama kwa matope, atakuuliza: "Yaya, unaombaka wapi?" Na jibu lako linakupanga. Kuna wa Katoliki, kuna wa Metodisti, kuna wa Garenganze, kuna wa Kimbangu, halafu kuna sisi wa makanisa ya uamsho, yale ukuta wake ni wa matofali ya udongo na juu ni mabati, ngoma zinaanza kabla jua halijapanda vizuri. Jumapili Kasungami huwezi kulala. Shati nyeupe zinatoka kila kichochoro, mamazee wamefunga vitenge vya sare, watoi wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa.

Hilo swali nimeishi nalo. Limenipa mabeshte, na kuna siku lilikaribia kunipa mume ambaye ningemlilia maisha yangu yote. Wacha niwaambie.

Kanisa ni ukoo

Kwanza, msiliangalie kama swali la kishamba. Kasungami imejaa wasee waliokam juzi. Mmoja katoka Kolwezi, mwingine Kasaï, mwingine alikuwa na biashara Kasumbalesa pale mpakani, ikaanguka. Mtu anapanga keja ya vyumba viwili, na hakuna hapa anayemjua babake wala aliyesoma naye. Kanisa ndiyo inageuka ukoo wake. Msiba ukiingia kwake, ni watu wa kanisa wanakuja na viti kichwani, wanasonga bukari, yaani ugali, wanapika sombe ya majani ya muhogo, wanaimba mpaka kuche, wanachanga falanga za jeneza. Mtu mwenye kanisa ana mashahidi. Kuna watu wanaweza kusema: huyu tumekula naye, tumelia naye, tunamjua.

Kwa hivyo mathe akiuliza "anaombaka wapi," anachotafuta ni hao mashahidi. Ni mapenzi ya mzazi.

Noma inaanza pale swali linaishia hapo. Ukishataja kanisa yenye jina nzuri, watu wanapumua, wanatabasamu, hakuna anayechimba tena. Ila kanisa ni kama anwani, na anwani inakuonyesha tu mlango. Kuona vile mtu anaishi humo ndani, lazima uingie, ukae.

Mabeshte: nani akae, nani aende

Nilipookoka nilikuwa na miaka 19, na nilikuwa na moto. Nilikata watu. Beshte yangu wa tangu utoto, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa anauza bia kwa baa ya shangazi yake. Kreti za Simba na Tembo, muziki mpaka saa nane usiku. Mwalimu wetu wa kundi la vijana alikuwa akitukumbusha Paulo alivyowaonya Wakorintho kuwa kampani mbaya inaozesha tabia. Nikafunga moyo. Nikipita kwake nilikuwa naangalia chini. Hakuniuliza kitu. Alikuwa anasema tu "jambo," mimi najibu kwa sauti ya mtu ana haraka.

Halafu nikashikwa na homa ya tumbo. Wiki tatu kitandani. Watu wa kwaya walikam Jumapili baada ya ibada, wakaomba, wakaacha bahasha ya falanga tulizolipia dawa. Hiyo sitaisahau. Lakini kwetu hakuna bomba ndani ya ua, maji tunachota kwa kisima cha mbali, na mathe mgongo wake unamuuma. Siku ya nne nikasikia mtu anamwaga maji kwa pipa letu saa kumi na mbili asubuhi. Ni yeye. Alikuwa ametoka baa usiku, hajalala, amebeba bidoni mbili, yale madumu ya maji. Alifanya hivyo mpaka nikasimama. Hakusema ni kwa sababu ya Mungu, na hakuniambia nimrudie. Alisema tu: "Mama yako hawezi."

Nilihitaji wote, wale wa bahasha na yule wa bidoni. Na nikajua nilisoma lile onyo nusu. Paulo anasema juu ya kampani inayokuozesha. Huyu dem hakuwa ananiozesha kitu, mimi ndiye nilikuwa namwonyesha Mkristo mwenye shingo ngumu. Nikarudi kwake nikamwomba msamaha. Baa siendi, na yeye hajawahi kunivuta huko. Tunakaa kwa mlango wao mchana, tunamenya karanga, tunabonga.

Kuna beshte mwingine nilimwacha kweli, na sijuti. Huyo alikuwa wa kanisa yetu, mwimbaji mzuri kuliko wote. Alikuwa anakopa watu pesa kwa jina langu, anasema mimi nimemtuma. Nilimkalisha mara mbili, mara ya tatu nikamwambia nitamsalimia na nitamwombea, ila siri zangu na jina langu hatashika tena. Mkiwaweka hao wawili pamoja mtaona: kama ningefuata "anaombaka wapi" peke yake, ningebaki na yule wa pili na kumpoteza wa kwanza.

Na msiseme urafiki wa kuvuka mistari ni kitu cha kuiga kutoka nje. Jiji letu limejengwa hivyo. Timu yetu ya mpira, TP Mazembe, ilianzishwa 1939 na watawa wa Benedikto waliokuwa wanalea vijana wa skauti hapa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, na ilianza kwa jina la Mtakatifu Georges. Mwaka huohuo ikazaliwa timu ya Lupopo, ambayo mpaka leo inabeba jina la Mtakatifu Éloi. Mpira wa vijana wa misheni ukawa wa jiji zima. Desemba 2010 Mazembe ilipoingia fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, timu ya kwanza ya Afrika kufika hapo, watu walikumbatiana barabarani na hakuna aliyemuuliza mwenzake anaombaka wapi. Kanisa ikifungua uwanja, watu wanajuana wakicheza.

Swali lililojificha nyuma ya swali

Sasa nitaongea kitu kinauma. Wakati mwingine "anaombaka wapi" ni kitambaa tu. Chini yake kuna swali lingine: ni mtu wa wapi? Ni Mkatanga ama ni wa Kasaï?

Wazazi wetu waliona 1992 na 1993. Siasa ya Kinshasa ilipogeuka, ikawashwa moto huku, na watu wenye asili ya Kasaï wakafukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga, mamia ya maelfu, wengi wamelala stesheni wakingoja treni. Wengine walikuwa wamezaliwa hapa na hawakuwahi kuiona Kasaï. Kuna ndoa zilikatwa katikati. Kuna mabeshte waliokuwa kwaya moja, Jumapili wameimba sauti moja, wiki inayofuata mmoja ako kwa treni na mwingine ako kwa mlango anaangalia.

Hiyo historia iko ndani ya kila meza ya mahari hapa kwetu, hata kama hakuna anayeitaja. Nimesikia mzazi anasema "huyo si wa kanisa yetu" na kila mtu ndani ya nyumba alijua anamaanisha kabila.

Februari 2, 2023, Papa Fransisko alikutana na vijana Kinshasa, Uwanja wa Mashahidi. Aliwaambia waangalie mikono yao, akapa kila kidole kazi: gumba ni sala, cha pili ni jumuiya, cha kati ni uaminifu, cha pete ni msamaha, kile kidogo ni huduma. Alipofika kile cha pili, kile tunanyooshea watu, aliwaonya juu ya ukabila, akawaambia washikane mikono. Mimi si Mkatoliki. Nilikuwa nafuata kwa simu ya jirani, na nilishika mkono wa aliyekaa karibu. Wengi tulishika.

Mkifungua Injili mtaona Yesu mwenyewe alivyochagua wasee wake. Matayo alikuwa anakusanya ushuru kwa ajili ya utawala. Simoni mwingine aliitwa Zelote, jina la watu waliouchukia utawala huohuo. Wawili hao wangekutana njiani wangevutana mashati. Yeye aliwaweka meza moja, wakamega mkate mmoja, na baadaye akawaita marafiki. Kwa hivyo ukiniambia imani yako inakufunza kuchagua watu wa kabila yako tu, nitakuuliza hiyo imani uliipata kwa meza ipi.

"Bwana amenionyesha wewe"

Tufike kwa mapenzi sasa, najua wengi mlikuwa mnangoja hapa.

Nilipogonga 24, chali mmoja wa kundi la maombi alinisimamisha baada ya mkesha. Suti safi, Biblia ya ngozi. Akaniambia: "Dada, Bwana amenionyesha wewe. Wewe ni mke wangu." Sikuwa nimewahi kuongea naye dakika kumi. Jioni hiyo habari ilikuwa imefika kwa viongozi, na wiki hiyo watu wakaanza kuniita "mama" wa nyumba yake. Kila mtu alikuwa na furaha, isipokuwa mimi. Nilikuwa naogopa. Ukiambiwa Mungu ameshasema, wewe unasema nini tena?

Nikaenda kwa kambo, mama ya mama yangu. Hajui kusoma. Alinisikiliza akiwa anachambua sombe, halafu akaniuliza kitu kimoja: "Mutoto, ulimuonaka siku ana njala?"

Nikamwambia hapana.

"Basi ngojea. Muntu unamujua siku ya njala, hapana siku ya feti."

Nikangoja. Sikumpeleleza, nilikaa tu karibu na macho wazi. Haikuchukua miezi mingi. Siku moja tumetoka kanisani na ubao umetushika, akanunua mikate kwa mama mmoja kando ya barabara. Yule mama hakuwa na chenji ya falanga mia tano. Chali alimrukia kwa maneno, mbele ya watoto wake, maneno siwezi kuandika hapa. Mama wa watu akainamisha kichwa. Kisha chali akanigeukia na ile sauti tamu ya mkesha, kama hakuna kitu kimetokea.

Nilisema hapana. Akaniambia ninamkataa Mungu. Wiki kadhaa kuna wenzangu wa kwaya walikuwa hawanisalimii, na hiyo iliniuma kuliko kitu kingine, kwa sababu hao ndio walikuwa ukoo wangu. Aliyenishika mkono ni mke wa pasta, Mama Pasta. Alinivuta kando, akaniambia: "Mungu akisema na yeye juu yako, atasema na wewe pia. Hana haraka."

Sipingi watu kuomba Mungu awape mwenzi. Mimi naomba kila usiku. Najua ndoa zilianza kwa maombi na zimesimama vizuri, nyumba zao zina amani unaisikia ukiingia. Ila nimeona hao watu hawakukimbizana. Waliomba, halafu wakatazamana miaka miwili. Neno likiwa la Mungu, halipungui ukilipa muda. Anayekukataza kungoja, mara nyingi kuna kitu hataki ukione.

Nira, yaani bidoni

Andiko tunapigiwa sana ni lile la Wakorintho wa Pili, sura ya 6, kuhusu kutofungwa nira pamoja na wasioamini. Wahubiri wengi wanalisoma kama limeandikwa juu ya harusi. Ukilisoma sura yote utaona Paulo hapo hataji bibi wala bwana. Anaongea juu ya kanisa zima na sanamu za mji ule. Juu ya ndoa aliongea kwa waraka wa kwanza, sura ya 7. Hapo anamwambia mjane yuko huru kuolewa tena, ila iwe na mtu wa Bwana. Na sura ileile anamwambia ambaye tayari ako na mwenzi asiyeamini, na huyo mwenzi anataka kukaa, asimwache. Kwa hivyo kuna mipaka, ndiyo, na mimi naishika: nataka mume ambaye tunaweza kupiga magoti pamoja. Lakini pia kuna huruma ndani ya hayo maandiko, na wahubiri wetu wanairuka.

Na nira yenyewe ni nini? Nimezaliwa jijini, sijawahi kuona ng'ombe wawili wakilima. Kitu ninajua ni bidoni.

Kama umekulia Kasungami unaelewa. Bidoni ya njano, lita 20. Ukiwa mwenyewe unaweka kichwani. Mkiwa wawili mnapitisha mti kwa mkono wake, mmoja mbele, mmoja nyuma, mnainua. Hapo ndipo unajua mwenzako ni nani. Mmoja akienda haraka, mti unakukata kiganja. Mmoja akiinua juu sana, bidoni inateleza kwa mti, inakuja kwako, na uzito wote unakuwa wako, huku kwa macho ya watu mnabeba wawili. Jirani atasema "tazama vile wanasaidiana." Wewe peke yako unajua bega lako linavyowaka.

Ndoa nyingi nimeziona hivyo. Wote wawili wa kanisa moja, wote wamevaa sare ileile, na bidoni imeteleza yote kwa mwanamke. Nira sawa ni uzito ukae katikati. Kuomba pahali pamoja kunasaidia kuuweka katikati, kama mnaomba kweli. Jina la kanisa peke yake haliwezi kuushika.

Hapa kwetu ndoa iliwahi kufundishwa

Katanga yetu imewahi kutoa mafundisho makubwa juu ya bwana na bibi kubeba sawa, na vijana wengi hawajui. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, ilianza kutaka wafanyakazi wake wakae kambini na bibi na watoto. Ndoa ikawa kitu cha kampuni: nyumba, posho, shule ya misheni. Mwaka 1953 padri mmoja Mbelgiji, Placide Tempels, akawekwa Ruwe, karibu na Kolwezi, kati ya hao wachimba shaba. Tayari alikuwa amejulikana kwa kitabu chake cha 1945 juu ya falsafa ya Kibantu. Akaacha kuwahubiria kutoka juu, akaanza kukaa nao na kuwauliza: mtu anatafuta nini duniani? Wakajibizana mpaka wakafika kwa maneno matatu makubwa: uzima, uzazi, mapendo. Hapo ikazaliwa harakati ya Jamaa.

Kitu cha ajabu cha Jamaa ni kwamba hukuingia peke yako. Baba na mama waliingia pamoja, wakafundishwa hatua kwa hatua na baba na mama wengine waliotangulia. Hakuna kukimbia. Mwanaume alikaa mbele ya mkewe wakaongea mawazo yao, kitu ambacho kwa kambi ya wakati ule hakikuwa cha kawaida. Baadaye yalikuja mavutano na maaskofu, na Tempels mwenyewe alirudi Ulaya 1962. Lakini mbegu ilikuwa imeenea miji yote ya shaba, na ilisema kitu wazi: watu wa kabila mbalimbali, waliotupwa pamoja na kazi, wanaweza kuwa ndugu, na huo undugu unaanzia kwa vile bwana na bibi wanasikilizana ndani ya nyumba.

Na kuna hadithi nyingine imelala hapahapa jijini. Simon Kimbangu, yule ambaye kanisa la Kimbangu linabeba jina lake, alianza kuhubiri Nkamba, huko Bas-Congo, Aprili 1921. Septemba wakoloni wakamkamata, Oktoba wakamhukumu kifo, halafu hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Wakamleta mbali na kwao, hapa Élisabethville, na hapa ndipo alipokufa Oktoba 12, 1951, baada ya miaka 30 ya jela. Hiyo miaka yote mkewe, Marie Muilu, alibaki Bas-Congo na watoto watatu, anaangaliwa na serikali, na akaishika imani ya watu kwa siri mpaka alipofariki 1959, mwaka huohuo ambao mwishoni mwake kanisa la Kimbangu lilitambuliwa rasmi. Huyo mama alibeba upande wake wa mti miaka 30 bila kumwona aliyeshika upande wa pili. Nikipita barabara za jiji hili namkumbuka. Najiuliza, hawa wawili walipochaguana, vijana tu wa kijiji, waliona nini kwa mwenzao?

Cheki hivi kabla hujasema ndiyo

Sina cheti cha kufundisha ndoa. Ninawaachia maswali ambayo kambo, Mama Pasta na maisha yamenipa. Yatumie kwa beshte, yatumie kwa mpenzi:

– Akiwa na njaa, akiwa amechoka, anaongea namna gani na mtu ambaye hawezi kumfanya kitu? Muuza mikate, manseba, mtoto wa jirani.

– Ukimwambia "hapana," anabaki mtu yuleyule? Anayegeuza hapana yako kuwa dhambi mbele za Mungu, mkimbie.

– Falanga ikipatikana, anasahau nani? Ikikosekana, anamlaumu nani?

– Anawasemaje watu wa kabila lako wakati hujafika bado?

– Akikosea, anajua kuomba msamaha kabla ya Jumapili, ama anangoja madhabahu imfanyie kazi?

– Yuko tayari muandikishwe? Sheria yetu ya familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa Julai 2016, inataka wote wawili muwe na miaka 18, na wote wawili mkubali kwa hiari. Doti, yaani mahari, ile wazee wanaita mali, bado iko ndani ya sheria. Na baraka za kanisani peke yake hazikufanyi mke mbele ya serikali. Lazima ndoa iandikwe kwa ofisa wa komini. Anayetaka keki na suti lakini anakwepa komini, muulize kwa nini.

Na kama mnatoka makanisa tofauti, muende kwa viongozi wenu mapema, bila kujificha. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa na Mkristo aliyebatizwa kanisa lingine anaombewa ruhusa kwa askofu. Njia ipo. Wengi hapa mtaani wameipita, na watoto wao wanajua nyimbo za pande zote mbili.

Upande wa pili

Sasa mniruhusu nimalize na yangu.

Kuna chali. Anaomba kwa Wametodisti, familia yake ilitoka Kasaï, anachoma na kuuza matofali. Tulijuana kwa msiba, alikuwa anapanga viti bila kutumwa. Tumeongea mwaka na nusu. Sijamwambia mtu Bwana amenionyesha. Ninaomba, na ninatazama.

Mwezi uliopita, Jumamosi, nilikuwa natoka kisimani na bidoni. Akatoka kazini, mikono myekundu ya udongo, akakata mti, tukapitisha, tukainua. Yeye ni mrefu kuliko mimi. Mahali njia inainama, nikaona bidoni imeanza kuteleza inakuja kwangu, nikajikaza kama nilivyozoea. Nikahisi uzito umeondoka. Kumbe alikuwa ameshusha upande wake, ameinama mpaka magoti karibu yaguse majani, ili bidoni irudi kwake. Hakugeuka kuangalia kama nimeona. Alienda hivyo, ameinama, mpaka njia ikanyooka.

Mathe alikuwa amesimama mlangoni. Tulipoweka bidoni chini nilijua swali gani linakuja, na moyo wangu ulikuwa unadunda, kwa sababu jibu langu lina kanisa nyingine na lina Kasaï ndani yake.

Mathe alimwangalia magoti yake, yale yenye majani na vumbi. Akaniangalia mimi. Halafu akaingia ndani, akatoka na bidoni ya pili, tupu, akampa yeye mkononi.

"Murudie," akasema. "Nitasonga bukari ya batu batatu."